Kiungani: Chuo Kidogo Kilichowapa Watumwa Kalamu

Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, hakikuwahi kuwa chuo kikubwa. Kilikuwa kando ya bahari, kusini kidogo ya mji wa Zanzibar, na kwa miaka mingi wanafunzi wake walihesabiwa kwa makumi tu. Hata hivyo, anayeandika historia ya Kiswahili kilichopigwa chapa, ya mapadri Waafrika wa Kianglikana, ya magazeti ya Kiswahili au ya vyama vya kwanza vya Waafrika katika Tanganyika, hawezi kukikwepa. Katika kila mlango wa historia hiyo atamkuta mtu aliyesoma Kiungani.

Sisi tunaoishi ng'ambo hii ya Ziwa Tanganyika, kuanzia Baraka na Fizi hadi Lubondja, tuna sababu yetu ya kukikumbuka chuo hicho. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilitoka Manyema, ikavuka ziwa hadi Ujiji, ikapita Tabora na kuishia pwani, ambako watu waliuzwa kama bidhaa. Njia hiyo ya machozi ndiyo pia mojawapo ya njia zilizotuletea Kiswahili tunachosemea sokoni, kanisani na shuleni. Kiungani kilijengwa mwisho wa njia hiyo, kwa ajili ya watoto ambao soko lilikuwa limekwisha kuwapangia bei.

Watoto watano

Chuo kilianzishwa na Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa herufi zake za Kiingereza, UMCA. Misheni hiyo ilitokana na hotuba ambayo David Livingstone aliitoa Cambridge mwezi Desemba 1857, akiwataka vijana wa vyuo vikuu vya Uingereza waje Afrika. Safari yao ya kwanza iliishia kwenye msiba. Walikwenda Magomero, katika nchi ambayo leo ni Malawi, mwaka 1861. Vita vya watumwa, njaa na homa viliwaandama, na Januari 1862 askofu wao, Charles Mackenzie, akafariki.

Askofu aliyemfuata, William Tozer, aliamua kuhamishia kazi Zanzibar. Alifika huko mwaka 1864 pamoja na padri Edward Steere, msomi aliyekuwa amesomea sheria kabla ya kuingia katika upadri. Wakati huo Zanzibar ndiyo iliyokuwa soko kuu la watumwa la pwani ya Afrika Mashariki. Haukupita muda mrefu, Sultani Majid bin Said akawakabidhi wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Shule ikaanza na hao watano.

Baadaye wengine waliletwa na manowari za Uingereza zilizokuwa zikiyavizia majahazi baharini. Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na watoto wa makabila mengine mengi. Wapo waliokuwa wadogo kiasi cha kusahau jina la kijiji chao. Wengine walikumbuka kila kitu: nani aliyewakamata, mara ngapi waliuzwa, walitenganishwa na mama zao mahali gani. Hawakuwa na lugha moja, na watu wa makabila yao mara nyingi walikuwa wamepigana na kuuzana. Kabla ya hesabu na kusoma, walimu walipaswa kuwafundisha kukaa pamoja bila hofu.

Ardhi ya Kiungani ilinunuliwa mwaka 1866, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1860 chuo kilikuwa kimesimama. Wasichana walipata shule yao Mbweni, mbele kidogo kwenye pwani hiyohiyo, ambako Caroline Thackeray alifundisha na kuongoza kwa miaka mingi. Miaka ya mwanzo ilikuwa migumu. Kipindupindu kiliingia Unguja mwaka 1869 na 1870 na kuua maelfu ya watu. Aprili 1872 kimbunga kikaangusha minazi na mikarafuu ya kisiwa kizima. Chuo hakikufungwa.

Masomo kwa lugha ya mwanafunzi

Uamuzi mkubwa kuliko yote katika historia ya Kiungani ulihusu lugha. Steere hakukubali kwamba elimu ya juu lazima ipatikane kwa Kiingereza. Alikaa na Waswahili wa Unguja, akajifunza kwao, akaandika alichosikia. Mwaka 1870 vitabu vyake viwili vilitoka: kimoja cha sarufi ya Kiswahili cha Zanzibar, na kingine cha hadithi alizosimuliwa na wenyeji. Mwaka 1874 alipopewa uaskofu hakuacha kutafsiri, na aliendelea hadi kifo chake mwaka 1882.

Kwa hiyo, Kiungani, Kiswahili kilikuwa lugha ya darasani, ya sala, ya michezo na ya ugomvi wa bwenini. Historia, jiografia, hesabu, Maandiko na muziki vilipitia humo. Waliofika mbali walifundishwa na Kiingereza, lakini Kiingereza kilikuja juu ya msingi uliokwisha kuwekwa. Wanafunzi walivaa kanzu, kwani misheni haikutaka kuwageuza Wazungu weusi. Kazi za mikono zilikuwa sehemu ya masomo. Mvulana aliyekuwa na asubuhi ya sarufi angeweza kuwa na mchana wa shamba, useremala au chapa.

Chapa inastahili kuangaliwa kwa karibu, maana kupitia kwayo wavulana hawa walijifunza lugha kwa vidole. Mpangaji herufi husimama mbele ya kasha lenye vyumba vidogo vingi, kila chumba na herufi yake ya risasi. Huokota moja moja, huzipanga mstari kwa mstari zikiwa zimegeuka, kushoto kuwa kulia, na huzisoma hivyohivyo. Kiswahili humaliza haraka chumba cha a, cha k na cha w. Akikosea herufi moja, "baba" huwa "babu". Kijana aliyefanya kazi hiyo kwa mwaka mmoja alijua tahajia ya lugha yake kuliko wageni waliomfundisha. Mikono ya namna hiyo ndiyo iliyochapa vitabu vya kusomea, vya sala na vya Maandiko vilivyopelekwa bara, katika lugha ambayo hadi wakati huo wasomi wake waliiandika hasa kwa herufi za Kiarabu.

Urithi huo uliendelea. Arthur Madan, aliyefundisha Kiungani, alitoa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1902, na ya Kiswahili na Kiingereza mwaka 1903. Wajumbe wa nchi za Afrika Mashariki walipokutana Mombasa mwaka 1928 kuchagua lahaja ya kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, walichagua Kiunguja. Kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilitoa kamusi zake mwaka 1939, na zilijengwa juu ya kazi ya Madan. Zilikuwapo sababu nyingine za uchaguzi ule, ikiwamo biashara na utawala, lakini vitabu vilivyokuwa vimekwisha kuandikwa kwa Kiunguja vilikuwa na uzito wao, na chimbuko la vingi kati ya hivyo lilikuwa Kiungani.

Barua ya Boma na msomaji wa Mutesa

Mapema sana, kabla chuo hakijatimiza miaka kumi, wanafunzi wake walionekana mahali ambapo hakuna aliyewatarajia. Henry Morton Stanley alipoondoka pwani Novemba 1874 kuvuka bara, alikuwa na vijana wawili waliosomeshwa na misheni hii: Dallington Maftaa na Robert Feruzi.

Msafara ulipofika Buganda mwaka 1875, Kabaka Mutesa alitaka kuendelea kusomewa Maandiko. Dallington akabaki. Kijana huyu, aliyepita utumwani, alikaa katika ikulu ya mmoja wa wafalme wenye nguvu kuliko wote Afrika Mashariki, akisoma, akifafanua na kumwandikia mfalme barua. Wamisionari wa kwanza wa Kianglikana kutoka Ulaya walifika kwa Mutesa mwaka 1877. Kazi ya kulisoma Neno huko ilikuwa imekwisha kuanzwa na Mwafrika.

Feruzi aliendelea na safari. Mwaka 1876 Stanley alilizunguka Ziwa Tanganyika kwa mashua, akapita na pwani yetu hii, kisha msafara ukaingia Manyema na kufuata mto Kongo hadi karibu na bahari ya magharibi. Mwanzoni mwa Agosti 1877 watu walikuwa wamekwisha kwa njaa. Stanley aliandika barua kwa yeyote aliyejua Kiingereza huko Boma, akiomba chakula upesi. Miongoni mwa waliojitolea kuipeleka, pamoja na Uledi, Kacheche na Muini Pembe, alikuwa Robert Feruzi, ambaye angeweza kujieleza kwa Kiingereza iwapo karatasi isingeeleweka. Walifika, na siku chache baadaye chakula kilirudi njiani. Safari ile ilifungua mlango wa mateso makubwa ya Kongo chini ya Mfalme Leopold, na hilo halisahauliki. Lakini roho za watu waliookolewa na barua ile zilikuwa roho za wapagazi, watu wa pwani na wa bara, na mmoja wa waliowaokoa alikuwa mwanafunzi wa shule ya watoto waliokombolewa.

Mapadri na waalimu

Lengo la kwanza la chuo lilikuwa kuandaa waalimu na wachungaji Waafrika. Mwaka 1870 vijana wawili katika wale watano wa Sultani Majid, John Swedi na George Farajallah, waliwekwa katika daraja la chini la huduma. Farajallah alifariki mwaka huohuo. Swedi aliendelea, akawa shemasi mwaka 1879 na kutumika hadi uzeeni.

Jina linaloheshimiwa kuliko mengine ni la Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao aliyekombolewa utumwani, akasoma Kiungani, akapelekwa kwa muda Canterbury, Uingereza, na mwaka 1886 akatumwa Chitangali, karibu na mto Ruvuma, kwa watu wa kabila lake. Mwaka 1890 Askofu Charles Smythies alimweka wakfu katika kanisa kuu la Zanzibar. Akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kuwa padri. Kanisa hilo lilianza kujengwa mwaka 1873 palepale palipokuwa na soko la watumwa, mwaka uleule Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kulifunga. Kwa hiyo, mtu aliyewahi kuwa mali ya mtu alipokea upadri juu ya ardhi ambayo watu kama yeye walinadiwa. Majaliwa alirudi Chitangali na mke wake Lucy, aliyekuwa mwalimu kutoka Mbweni, na kwa miaka mingi waliongoza kanisa na shule huko wakiwa mbali na Mzungu yeyote.

Wengine walimfuata. Leonard Kamungu, mtoto wa pwani ya Ziwa Nyasa, alisoma Kiungani, akapata upadri mwaka 1909 na kukubali kwenda Msoro, katika nchi ambayo leo ni Zambia, ambako alifariki mwaka 1913. Yohana Abdallah alipata upadri mwaka 1898 na kuhudumu Unangu, katika Msumbiji ya leo. Ukiitazama ramani utaona kwamba wahitimu wa chuo hiki kidogo walifanya kazi katika nchi zaidi ya nne, nyingi zikiwa hazijapata hata majina ziliyo nayo leo.

Waliojiandikia wenyewe

Mafanikio ya Kiungani yanayonigusa kuliko yote ni haya: wanafunzi wake hawakungoja mtu mwingine aandike habari zao. Mwaka 1887 Madan alitoa kitabu cha simulizi za wavulana wa chuo, walizoandika wenyewe kwa Kiswahili naye akazitafsiri. Humo watoto wanaeleza maisha ya kijijini, vita, kukamatwa, kuuzwa na kuvuka bahari. Ni miongoni mwa ushahidi adimu wa utumwa wa Afrika Mashariki uliotolewa na waliokuwa watumwa wenyewe. Mwaka 1888 gazeti la Msimulizi likaanza kutoka chuoni. Waalimu waliotawanyika bara walilitumia habari za vituo vyao, na kwa njia hiyo mwalimu aliyekuwa peke yake Ruvuma alijua mwenzake wa Usambaa anafanya nini. Msimulizi huhesabiwa kati ya magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili.

Tabia hiyo ya kuandika haikuishia chuoni. Yohana Abdallah aliandika historia ya Wayao kwa lugha ya Chiyao, ikatoka mwaka 1919. Hadi leo mtafiti wa historia ya Wayao huanzia kwake. Martin Kayamba, aliyezaliwa Mbweni mwaka 1891, alisoma Kiungani kama baba yake, Hugh. Mwaka 1931 alikuwa mmoja wa Waafrika watatu wa Tanganyika waliokwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge kuhusu mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Aliporudi aliwaandikia wenzake kwa Kiswahili yale aliyoyaona na kuyafanya Uingereza.

Kayamba alikuwa pia mwanzilishi wa vyama. Mwaka 1922, akiwa karani Tanga, aliunda chama cha watumishi Waafrika wa serikali, kikiwaweka pamoja Wakristo na Waislamu na watu wa makabila mbalimbali. Mwaka 1929 chama cha African Association kilipozaliwa Dar es Salaam, rais wake wa kwanza alikuwa mwalimu Cecil Matola, naye wa Kiungani. Chama hicho kilikua, kikawa Tanganyika African Association (TAA), na mwaka 1954 kikageuzwa TANU, chama kilichoiongoza Tanganyika hadi uhuru. Kukaa pamoja kwa watu wa makabila mengi chini ya lugha moja, ambako kulikuwa siasa mpya nchini, kwa Matola na Kayamba kulikuwa desturi waliyoizoea tangu bwenini.

Na tusisahau mpira. Kiungani ni miongoni mwa sehemu za mwanzo kabisa Unguja kuchezwa mpira wa miguu, katika karne ya 19. Michezo ilikuwa sehemu ya ratiba, na wavulana waliofika chuoni wakiwa hawaaminiani walijifunza kupasiana.

Mipaka yake, na safari ya Minaki

Kuadhimisha si kuficha. Kiungani kilikuwa chuo cha misheni, na uongozi wake ulibaki mikononi mwa Waingereza. Majaliwa na wenzake walipewa kazi nzito, lakini uaskofu haukuwafikia. Kanisa lao lilichelewa mno kumkabidhi Mwafrika madaraka aliyokwisha kuonyesha kwamba anayaweza. Hata hivyo, wapo viongozi wa chuo waliosimama upande wa Waafrika hadharani. Frank Weston, aliyeongoza Kiungani mwanzoni mwa karne ya 20 kabla ya kuwa Askofu wa Zanzibar mwaka 1908, aliandika mwaka 1920 kijitabu kikali kupinga serikali ya nchi yake mwenyewe kuwalazimisha Waafrika wa Kenya kufanya kazi.

Kadiri utumwa ulivyokwisha, chuo kilibadilika. Watoto waliokombolewa baharini walipungua, wakaja vijana waliochaguliwa kutoka shule za bara. Kituo cha kazi kikawa bara, na katikati ya miaka ya 1920 chuo kilihamishiwa Minaki, Kisarawe, karibu na Dar es Salaam, kikiwa na jina lake lilelile la Mtakatifu Andrea. Minaki kiliendelea kutoa waalimu na wasomi wa Tanganyika. Baada ya uhuru kilitaifishwa, na hadi leo ni shule ya sekondari ya serikali.

Funzo kwetu

Katika Fizi yetu zipo shule na taasisi nyingi ndogo. Zimejengwa na makanisa, wazazi na jumuiya, zimefungwa na vita na kufunguliwa tena. Kuanzia mwaka 1996 maelfu ya watu wetu walivuka ziwa hadi kambi ya Nyarugusu, na hata huko waliwafundisha watoto wao kwa mtaala wa Kongo. Watu wenye moyo huo hawahitaji kuambiwa umuhimu wa elimu. Lakini Kiungani kinatuonyesha mambo matatu ambayo chuo kidogo kinaweza kuyafanya bila kungoja fedha nyingi.

La kwanza ni kuiheshimu lugha. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa letu. Mwanafunzi wa Lubondja anayeandika Kifaransa cha mtihani lakini hawezi kuandika ukurasa mmoja safi wa Kiswahili amenyimwa chombo cha kuzungumza na watu wake. La pili ni kuwaweka pamoja watoto wa makabila yote. Wabembe, Wabuyu, Wafuliiru, Wanyindu na Wanyamulenge wamezika watu wengi mno. Kiungani walikaa dawati moja watoto waliotoka katika makabila yaliyouzana, na waliosoma chuo hichohicho baada yao ndio walioanzisha vyama visivyouliza kabila. La tatu ni kutunza kumbukumbu. Tunajua habari za Feruzi, Majaliwa na Abdallah kwa sababu chuo chao kiliandika, kikachapa na kuhifadhi.

Kwa hiyo, natoa ombi kwa wakuu wa shule na vyuo vya Fizi, Baraka na Lubondja. Anzeni mwaka huu daftari la historia ya taasisi yenu: nani aliianzisha, nani alifundisha, ilihamia wapi wakati wa vita, wahitimu wake wako wapi. Wapeni wanafunzi wenyewe kazi ya kuliandika, kwa Kiswahili, wakiwahoji wazee wangali hai. Wazee hao wanapungua kila mwaka.